Siku Niliyomfufua Mama

Sitaanza kwa kusema nimesamehe. Watu wa kanisa letu hupenda habari za namna hiyo: mtu anakosewa, anasamehe, wanapiga makofi, kisha wanakunywa chai. Mimi sijasamehe, na anayetafuta msamaha atafute kwingine. Yule mwanamke tuliyemwita Madam nilimchukia nikiwa darasa la sita, kule Elburgon, na bado namchukia nikiwa mtu mzima mwenye nyumba ya kupanga na watoto wangu mwenyewe.

Madam alikuwa msimamizi wa chakula cha watoto. Kanisa moja kubwa la Nairobi lilikuwa linatuma mahindi, maharagwe na mafuta shuleni kwetu, na watoto maskini walikula githeri ya hayo mahindi na maharagwe bure kila siku ya masomo. Kusema kweli ilikuwa githeri nzuri, maana mpishi alikuwa mama yangu mzazi. Baba alikuwa ametuacha. Mashine ya kupasua mbao alikofanya kazi ilipofungwa, alienda Mai Mahiu kutafuta kazi kwenye malori, akatupigia simu mara mbili, halafu namba ikawa haipatikani. Mama alikuwa akienda Mau Narok kuchimba viazi kwa kibarua, analala huko wiki nzima, mimi na dada yangu mdogo tunabaki kwa jirani. Alipopata kazi ya kupika shuleni tukaanza kulala naye tena. Mchana tulikula githeri yake, jioni tulikunywa chai ya rangi tukaingia kitandani. Ile ya mchana ndiyo ilikuwa chakula.

Madam alikuwa na sheria zake. Kabla ya kula, kila mtoto aseme mstari wa Biblia kwa kichwa. Ukikwama unakaa kando, unaangalia wenzako wakila hadi wamalize, ndipo unafikiriwa. Yeye mwenyewe alikuja na chupa yake ya chai na mkate uliopakwa siagi. Githeri yetu hakuwahi kuionja hata kijiko kimoja.

Siku moja nilikwama. Sikuwa nimesahau mstari, nilikuwa na homa na meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. Sahani yangu ilikuwa imeshajazwa. Madam aliitoa mkononi mwangu akairudisha githeri kwenye sufuria, polepole, mbele ya darasa zima, na mama yangu amesimama pale pale na mwiko. "Tuendelee," Madam akasema. Mama akainama akasukuma kuni. Roho ilinichoma hadi nikasahau njaa. Nilijiambia huyu mwanamke nitamwonyesha. Sikujua lini wala kwa njia gani, lakini nilimwekea kisasi.

Nafasi ilikuja muhula wa tatu. Wageni wa Nairobi, wale waliokuwa wanatoa chakula, walituma habari kwamba wanakuja kuona watoto. Madam aliniita kwenye stoo, akaketi juu ya gunia la maharagwe, akaniangalia kwa tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kabla.

"Wewe mrembo una sauti nzuri," akasema. "Wewe ndiye utatoa ushuhuda. Utasema mama yako alikufa ukiwa darasa la pili, na bila hiki chakula ungekuwa barabarani."

"Madam, mama yangu yuko jikoni."

"Kwani sijui yuko jikoni? Ni mimi nilimwandika kazi. Hawa wageni wanalisha mayatima, na wewe na dada yako mmeandikwa mayatima. Hiyo ni ya kusema tu." Akainuka kwenye gunia. "Ama unataka dada yako akule wapi?"

Nilifanya mazoezi ya kumuua mama yangu kwa siku nne, kwenye stoo, mlango umefungwa. Madam alinifundisha pa kushusha sauti na pa kufuta macho. Nilishika maneno yote haraka sana, akanisifu. Mama sikumwambia chochote. Nilidhani nikimwambia ataumia.

Siku yenyewe hakukuwa na githeri. Kulikuwa na wali, nyama na chapati, na mama alikuwa ameamka saa tisa za usiku kukanda unga. Wageni waliketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema, wamejifunika shali kwa sababu ya ile baridi ya msitu wa Mau, mmoja wao ananyoosha simu kunasa kila kitu. Sisi wa orodha ya mayatima tuliambiwa tuje bila viatu. Matope yalikuwa yanapanda katikati ya vidole.

Lazima nieleze ushuhuda kwetu ni kitu gani. Mtu akishasimama akasema "Bwana asifiwe," hakatizwi. Hata akiongea upuuzi, hata akilia nusu saa, watu wanaketi, wanaitikia, wanangoja amalize. Nimewahi kuona mlevi akishuhudia juu ya ng'ombe wa jirani yake na mchungaji akamsikiliza hadi mwisho, mikono magotini. Kumkatiza anayeshuhudia ni kumkatiza Roho Mtakatifu. Madam alilelewa hivyo, na mimi pia.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina."

"Bwana asifiwe tena."

"Amina."

"Niko darasa la sita. Namshukuru Mungu kwa sababu hapa tunakula kila siku."

"Amina." Madam alikuwa anatingisha kichwa kwa utamu, kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda.

"Madam ameniambia niseme mama yangu alikufa."

Watu wachache waliitikia amina kwa mazoea, halafu wakakoma. Madam aliinuka nusu, mkono hewani. Akaangalia wageni, akaangalia ile simu, akaketi. Hangeweza kunikatiza. Nilimwona anatafuta la kufanya na hakuna, na sitaficha, nilisikia raha. Nimepata mazuri mengi tangu siku hiyo, lakini raha kama ile sijawahi kuipata tena.

"Lakini mama yangu hakufa," nikaendelea. "Ndiye amewapikia hizo chapati. Mama, kuja usalimie wageni."

Mama akatoka nyuma ya mabati ya jikoni, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Hakuwa amesikia ushuhuda. Alikuwa amesikia tu anaitwa. Mama mmoja wa wageni, mzee wa heshima mwenye kitambaa kichwani, akamuuliza kwa upole, "Mama, wewe ndiye mzazi wa huyu msichana?"

Mama aliangalia uso wa Madam. Akaangalia wageni, akaangalia watoto walioshika sahani. Mimi alinipita kwa macho.

"Hapana," akasema. "Mimi ni mpishi tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, aibu ya Madam, mshangao wa wageni, mama akinikumbatia, lakini hilo sikulifikiria. Na pengine wageni wangemwamini, maana Madam alishaanza kucheka na kusema watoto wana mambo. Lakini dada yangu wa chekechea alikuwa mstari wa mbele na alikuwa amechoka kungoja. Alimkimbilia mama, akamshika aproni, akavuta.

"Mama, nataka chapati."

Wageni hawakukaa sana. Walionja wali kwa adabu, wakaondoka kabla ya mvua. Wiki iliyofuata Madam akatolewa kazini, na mimi niliimba nikiteka maji. Nilimwona akipakia virago kwenye gari, bila mtu wa kumshikia begi, na nilisimama mahali ambapo angeniona. Nilitaka ajue ni nani. Alijua.

Jikoni nako kukafungwa. Kanisa lilisema linachunguza, na uchunguzi wa watu wakubwa hauna haraka. Muhula ukaisha, mwaka ukaisha, sufuria zikiwa zimegeuzwa chini. Watoto niliokuwa nasimama nao foleni wakaacha kuniita kwa jina. Kwenye mapumziko ya mchana walikuwa wanakuja kunisimamia mbele, mikono mifukoni. Msichana mmoja tuliyekaa naye dawati moja aliniambia, "Wewe umefurahi, sivyo? Sisi je?" Kisha akahama dawati.

Mama alirudi kuchimba viazi Mau Narok, sisi tukarudi kwa jirani. Alikuja Jumamosi ya kwanza na viazi vidogo vidogo vile vinavyoachwa shambani, akavichemsha, akatungoja tule. Dada alipolala ndipo akaniambia.

"Hiyo fomu ya kuwaandika mayatima, kidole kilichopigwa wino ni changu. Nilijua."

Nilikuwa nakusanya maganda ya viazi.

"Si ungesema tu nimekufa? Kwani ningekufa? Mngekula."

"Alirudisha githeri yangu kwa sufuria," nikasema. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Mbele ya watu. Na wewe ulikuwa unaona."

"Niliona. Na kesho yake si ulikula?"

Kwa neno hilo nikamkasirikia yeye pia, miaka mingi. Hilo nalisema wazi kwa sababu sitaki kujipamba.

Sasa ninasuka nywele hapa Nakuru, mtaa wa Free Area. Mwezi jana mteja wangu alikuwa anaangalia video kwenye simu wakati nikimsuka, nikasikia sauti ya mtoto: "Bwana asifiwe. Mama yangu alikufa nikiwa darasa la pili, na bila hiki chakula ningekuwa barabarani." Mikono yangu ikasimama. Yalikuwa maneno yangu, na sauti ilishuka palepale nilipofundishwa kuishusha. Mwishoni mtu asiyeonekana akasema, "Vizuri, mrembo," na sauti hiyo ningeijua hata ndani ya kaburi. Ilikuwa shule fulani upande wa Njoro, chini ya kanisa lingine. Namba ya ofisi yao iliandikwa chini ya video.

Nilimpigia mama kwa furaha. Nikamwambia Madam amerudia mchezo wake, na safari hii nitammaliza kabisa. Mama akanisikiliza hadi mwisho.

"Nyuma ya huyo mtoto unaona nini?" akauliza.

"Watoto wengine."

"Wanafanya nini?"

Nikaiangalia tena. "Wanakula."

"Na kama mama yake alikufa kweli?"

Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria. Niliandika yote, stoo, fomu, ushuhuda wa kufundishwa, jina la Madam lote kamili, nikatuma kwa ile namba kabla mteja hajainuka kwenye kiti. Wakasoma siku hiyo hiyo. Wakanishukuru, wakasema wanachunguza.

Mama amenipigia mara tatu kuuliza kama nilituma, na mara zote tatu nimemwambia bado. Njoro si mbali. Ningeweza kupanda gari asubuhi na kurudi kabla ya wateja, nikapita tu nje ya ile shule saa ya chakula, nione kama bado wanapika. Sijaenda.