Bi Futi na Kamera ya Barazani

Jina lake halisi mtaa ulishalisahau. Miaka arobaini alishona sare za shule, futi ya kupimia ikining'inia shingoni hata akienda dukani, watu wakamwita Bi Futi naye akaitika. Mwenyewe alistaafu, futi haikustaafu.

Shida ilianza alipoanguka kutoka kwenye stuli akibadilisha balbu. Hakuvunjika kitu, lakini habari zilimfikia binti yake, nesi katika mji mwingine, naye akakata shauri: mama ahamie kwake. Bi Futi alieleza mpaka sauti ikamkauka kwamba kilicholegea ni mguu wa stuli, si wake, na ameshaupigilia misumari. Wapi! Mwishowe wakapatana. Binti angetuma kamera ya kufungwa barazani, awe anamwona mama akitoka na kuingia. Jumamosi ikifika bila picha, anakuja na pikapu kumhamisha.

Fundi wa mitandao alikuwa ameshatafutwa. Jumatano alisema kesho. Alhamisi akasema kesho. Ijumaa asubuhi akasema wiki ijayo, Mungu akipenda. Bi Futi alikata simu, akavaa miwani, akafungua boksi. Mtu aliyeshona suti kwa kuangalia picha ya gazeti tu, ashindwe na karatasi ya maelekezo?

Alianzia mezani, kama fundi yeyote wa maana. Kamera ikaingia kwenye umeme, taa yake ikapepesa nyekundu. Programu kwenye simu ilipodai neno la siri la mtandao, alifungua kabati la vyombo, akainua kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, akaipindua ruta, kile kisanduku cha intaneti, na kusoma namba zilizobandikwa tumboni. Kisha akairudisha na kuifunika vizuri, maana kitu cha thamani hakiachwi uchi. Programu ikataka pia neno la siri la kamera yenyewe. Hapo akaandika vipimo vya gauni la harusi la binti yake: kifua, kiuno, nyonga. Mwizi abahatishe hilo. Mara taa ikawa ya buluu, na meza yake ikatokea kwenye simu. Alijipigia makofi peke yake sebuleni.

Furaha hiyo haikuvuka mlango. Barazani picha iligoma: akirudi na kamera ndani, inarudi; akitoka nayo, inapotea. Mwingine angemrudia fundi kwa kumbembeleza. Bi Futi alivua futi shingoni, akapiga magoti, akapima sakafu kutoka kabatini hadi barazani. Mita sita na kitu. Karatasi iliruhusu thelathini. Basi umbali hauna kosa, kuna kinachoziba. Akageuka kulitazama kabati lake: mlango umefungwa, kitambaa kimetandazwa, na mbele ya ruta masinia mawili ya bati yamesimama wima kama askari wa zamu. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Akaipandisha ruta juu ya kabati, bila nguo, na picha ikatulia.

Alimpigia binti, akamwambia afungue programu, neno la siri ni vipimo vyake vya gauni la harusi. Binti aliuliza vya zamani au vya siku hizi. Akajibiwa vya zamani, vya siku hizi asivitaje kwenye simu. Wakati binti anahangaika kuandika, mama aliiacha simu barazani ikiwa na sauti kubwa, akapanda kukaza skrubu ya mwisho ya kamera juu ya mlango.

Kwa hiyo picha ya kwanza kumfikia binti ilikuwa uso wa mama yake, umejaa kioo chote, bisibisi mdomoni.

"Mama," binti akasema taratibu, "umesimama juu ya nini?"

Bi Futi alitoa bisibisi mdomoni. "Stuli."

"Ile ile?"

"Ile ile."

Bi Futi akaweka mkono ukutani, akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili. Akarudi nyuma hatua tatu ili aonekane mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili, akaiweka sawa futi shingoni na kuitazama kamera usoni.

"Umeona?"

Sauti ya binti ikalegea.

"Nimeona, mama. Kesho nakuja kukusalimia tu. Nakuja na basi."