Pikipiki Kando ya Pipa la Achari

Kwa miaka thelathini na minane Hatakeyama Seigo alinusa na kuonja maziwa katika kiwanda kimoja cha Kitami, kaskazini mwa Japani. Alistaafu akiwa na miaka sitini na tano, ila pua yake haikustaafu. Hadi leo, akiwa na sabini na mbili, hurudisha bakuli la supu mgahawani kwa sababu kitambaa kilichofuta meza kilikuwa na unyevu wa jana.

Pikipiki yake huilaza kwa majira ya baridi kwa namna ileile kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kabla theluji haijafunga barabara. Huiosha na kuikausha, humwaga oili ya zamani, hujaza tangi la petroli hadi shingoni lisipate kutu, hukausha kabureta. Betri huingia ndani ya nyumba. Bomba la moshi huzibwa kwa kitambaa, magurudumu hunyanyuliwa sakafuni, na juu yake hupita shuka la pamba linalopumua. Majira ya kuchipua ishirini na sita mfululizo iliwaka kwa mguso wa kwanza.

Oktoba ya mwaka jana alipasuliwa bega. Binti yake Chiho alimwekea sharti baba akiwa bado kitandani hospitalini.

“Baba, Mei mosi nitakuja. Ikiwaka, endesha. Isipowaka, tunaiuza na leseni unairudisha polisi. Habari za fundi sitaki kuzisikia.”

Seigo alikubali bila wasiwasi. Kazi ya kuilaza pikipiki akampa shemeji yake Yasuo, mdogo wa mkewe Kinue, mkulima wa vitunguu mwenye nguvu na asiye na subira.

Theluji ilipoyeyuka mwishoni mwa Aprili, Seigo alifungua banda. Harufu ilimpokea mlangoni: samaki, chumvi na kitu kilichooza. Yasuo alikuwa ameiegesha pikipiki ubavuni mwa pipa la achari ya figili na samaki mkavu, ambalo Kinue huliweka bandani kila majira ya baridi kama nyumba zote za mtaa ule. Pipa lilikuwa limevuja. Gurudumu la nyuma lilikuwa limesimama miezi sita katika maji ya chumvi. Juu ya kiti palikuwa na gunia la pumba za mchele, limetobolewa, na juu ya vyote turubai la plastiki la buluu, kwa ndani likichuruzika jasho.

“Umeiona?” Yasuo alisema kwa fahari. “Hata chembe ya theluji haijaigusa.”

“Theluji ningeikaribisha chai.”

“Shemeji, mbona unakunja uso kama umelamba betri?”

Seigo alichutama kando ya pikipiki. Alifungua kisanduku cha kichujio cha hewa. Ndani, juu ya vipande vya glavu yake ya ngozi, vilijikunyata vitoto saba vya panya, vyekundu, bila manyoya. Mkojo ulikuwa umekauka ukawa gundi ya njano. Alitoka nje akatapika kwenye matope.

“Iwashe tu,” Yasuo alishauri. “Itavivuta na kuvitema.”

“Toka kwenye banda langu.”

“Banda la dada yangu hili!”

“Basi toka kwenye pua yangu.”

Zilibaki siku nne. Seigo aliviondoa vitoto vile kwa koleo la majivu, uso akiupeleka pembeni. Alimwaga petroli iliyonuka kama rangi ya zamani, akatia mpya, akafungua kabureta kwa mkono mmoja na nusu, akakwangua utando wa kijani kwa sindano ya nguo. Kutu ya bombani ilimwachia magamba vidoleni. Alinawa mara kumi na mbili kwa siku na bado alikula kwa mkono wa kushoto.

Usiku wa kuamkia Mei mosi alikumbuka betri. Kwenye pikipiki haikuwepo.

“Yasuo kaitupa,” alimwambia mkewe. “Basi, yamekwisha.”

“Ipo chini ya kabati la viatu,” Kinue akasema. “Nimeichaji kila mwezi. Baba Chiho, miaka ishirini na sita nairuka nikivaa viatu, nisijue ni ya nini?”

Asubuhi Chiho alisimama nyuma ya pikipiki, mikono kaikunja kifuani. Seigo akabonyeza. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikawaka, na bomba likatema wingu la pumba zilizoungua, manyoya na chumvi juu ya koti jeupe la Chiho.

“Baba! Ni nini hiki?”

“Usiulize. Imewaka au haijawaka?”

Chiho alitoa unyoya wa panya mdomoni, akautazama. “Imewaka,” alisema. “Ondoka nayo. Mbali.”

Seigo aliondoka. Oktoba hii pipa limehamia kwa Yasuo, na ufunguo wa banda anao Kinue peke yake. Achari ya mwaka huu Seigo hajaionja, wala hakai meza moja nayo.