Minazi ya Mama Kwenye Shamba la Mjomba

Mpaka leo nikikuna nazi huikwangua mpaka kifuu, na si uchoyo. Ni hasira.

Mama alikuwa mjane, akiuza vitumbua Kariakoo, ubavuni mwa soko. Kaka yake alikuwa na shamba Buguruni, nusu yake pori tupu. Akamwambia, "Dada, panda utakacho." Mama akapanda minazi arobaini. Watu wakamcheka: panda mihogo, mwanamke wewe, ule mwakani! Akawajibu kwamba anataka kitu cha kumlisha siku mikono itakaposhindwa kutwanga mchele.

Miaka miwili ya kwanza, kila akimaliza kuuza tulikwenda shamba kwa miguu, mimi na mwanangu mgongoni. Kisima kilikuwa bondeni. Tulijitwika madebe ya maji mpaka shingo zikauma. Mchwa wakila mche, mama anapanda mwingine. Na mjomba? Ameketi kivulini anatafuna tambuu. Hakushika hata kata ya kuchotea maji.

Kwetu pwani ardhi yaweza kuwa yako na mnazi ukawa wangu. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Ila siku ya kupanda huita watu, wakala ubwabwa, wakaona kwa macho yao. Nilimwambia mama awaite. Akanifokea, "Nimwitie mashahidi ndugu yangu wa tumbo moja? Una wazimu?" Dada gani wa mji huu angefanya vingine? Lakini lilikuwa kosa, na nilimwambia.

Mwaka wa saba minazi ikazaa. Tulikwenda siku moja tukakuta mkwezi yuko juu, na chini nazi zimelundikwa. Mjomba hata haya hakuona.

"Shamba langu, minazi yangu," akasema. "Wewe nilikupa mahali pa kulima tu."

Loo! Mtu mwenye uso mkavu vile sijamwona tena. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema kweli.

Nikamburura mama mpaka kwa wazee wa mtaa. Wakauliza, nani alimwona akipanda? Nikainuka. Mama akanivuta kanga kwa nguvu, nikajikuta nimekaa.

"Mwanangu hasimami kumuumbua mjomba wake mbele za watu," akasema.

Basi mzee mmoja akapata pa kupitia: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Wakacheka, wakavaa viatu vyao, wakaondoka. Minazi arobaini ikaenda hivyo, na uzee wa mama pamoja nayo. Na mimi nikanyamaza, mtu mzima mwenye mtoto! Ningeweza kuinuka tena. Sikuinuka. Najilaani kwa hilo kuliko ninavyomlaani mjomba.

Sikukuu ya Idi mjomba akatuma mtu na pakacha la nazi kumi. Zawadi, eti, kwa dada yake mpenzi. Mama akapokea, akashukuru, akamwambia yule mtu amsalimie sana kaka.

Nikalinyakua lile pakacha, nikalibwaga mtaroni.

Mama hakunigombeza. Alivua viatu, akaingia kwenye tope, akaanza kuziokota nazi moja moja, akizifuta kwa kanga yake mpya ya sikukuu.

"Ziache hizo!" nikampigia kelele.

"Siziachi. Hizi nimezipanda mimi."

"Sasa ndiyo unasema, mama? Sasa?"