Choo Changu Kilikuwa na Rangi Gani

Niliacha shule darasa la nne, na kufikia katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa nimefanya kazi katika mashamba mengi kati ya Thika na Ruiru bila kumaliza mwaka popote. Shamba moja la kahawa karibu na Ruiru lilinipa kazi ya kuendesha mkokoteni wa ng'ombe. Siku moja maksai aligeuka ghafla, mti wa mkokoteni ukanigonga chini ya mbavu, upande wa kulia. Niliketi kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Wiki ya tatu baada ya hapo macho yangu yakawa manjano. Mkojo ukawa kama chai isiyo na maziwa, na mwili ukaniwasha. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, akahamisha kikombe chake.

"Ndugu, hiyo ni homa ya manjano," akasema. "Nakupenda, lakini nipende ukiwa huko."

Nyapara naye aliponiona, akanitafutia pasi, kile kibali cha kusafiri cha enzi hizo, niende Thika siku hiyo hiyo. Sikuwahi kupata pasi haraka namna hiyo.

Hospitalini daktari, Mhindi mpole, aliuliza kwa Kiingereza na dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, akanitafsiria.

"Choo chako kina rangi gani?"

Swali lilinishangaza, lakini wao ndio wasomi. "Cheupe," nikasema.

Dresa akamtazama daktari. "Cheupe tangu lini?"

"Tangu mkaguzi apite. Walikipaka chokaa. Mlango tu ndio wa bati."

"Wewe mtu! Nakuuliza unachotoa, si mahali unapoingia!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi akashika mshono wake.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kutazama. Nikapewa chombo, na asubuhi tukakiinamia watu watatu. Kilichokuwamo kilikuwa cha kijivu, kama udongo wa kukandika ukuta. Daktari hakucheka. Alinibonyeza tumbo, akauliza kama nimewahi kuumia hapo. Nikamweleza habari ya maksai.

"Si homa," dresa akanitafsiria. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi, na yangu haikuwa ikifika tumboni. Huenda damu ya jeraha iliganda ndani ya mfereji wake na kuuziba. Daktari alikuwa ameona hivyo mara moja tu maishani. Mfereji usipofunguka kufikia Jumatatu, nitapelekwa Nairobi nikapasuliwe.

"Wanaopasuliwa huko hurudi?"

"Wengine," akajibu dresa, akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Nilikuwa mtu wa kuhama kila mahali nikitaka kuona kilicho mbele, ila hapo sikutaka kuona Nairobi. Kila asubuhi nilitazama chombo kabla ya kuwasalimu watu. Kijivu. Kijivu tena. Jumamosi mchana yakaja maumivu yaliyonikunja kama kisu cha kukunja, nikadhani ndiyo mwisho. Jioni yakaachilia yenyewe. Jumapili choo kikatoka cheusi. Daktari alisema hiyo ni damu ya zamani inayopita, tusubiri.

Jumatatu kilikuwa cha kahawia.

Nilimwita dresa kwa sauti ambayo ilileta pia mfagiaji na wagonjwa wawili. "Hongera, baba!" akasema mfagiaji, kana kwamba nimepata mtoto. Daktari alitazama, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema neno moja tu ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

Nikamwomba anichoree huo mfereji. Akauchora nyuma ya karatasi yangu ya hospitali, mwembamba kama bua la ngano, na mimi nikauangalia huku nikinywa uji, kikombe cha kwanza, halafu cha pili.