Upande wa Pili wa Kaseti

Ipo Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, kisha naona haya. Kaa hapa, mwanangu, chai bado ya moto. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mgeni hapa Dubai, nauza vitambaa katika duka la Deira, na nilijiona mzuri kupita kiasi. Miaka ya sabini ilikuwa na uzuri wake na upuuzi wake, na mimi nilivaa vyote viwili kwa pamoja. Suruali ya bugaluu, pana chini, ikizoa mchanga wa njia nzima. Viatu vya raizoni vyenye kisigino kirefu. Nilianguka navyo mara mbili mbele za watu, nikajipangusa, nikaendelea na maringo yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilibakia kidogo tu livunjike. Na nywele, Mola anisamehe, nilizifuga hata kofia ya kusalia ikawa haigusi kichwa. Wewe unayeniona na upara huu huwezi kuamini.

Uzuri wake? Muziki, mwanangu. Na kaseti. Siku zile kaseti ilikuwa barua pia. Mama yangu kule Unguja hakujua kuandika, basi alikaa mbele ya redio kaseti akazungumza upande wa kwanza, akazungumza na wa pili, akampa msafiri aniletee. Mimi nikishasikiliza nilijibu juu ya mkanda ule ule, nikaurudisha. Kaseti moja tuliitumia mwaka mzima.

Basi ikaletwa. Nikasikiliza upande wa kwanza. Salamu! Salamu za jirani, za shangazi, za mwalimu wa chuoni, na habari ya mbuzi aliyekula kanga. Mama hakujua kubonyeza, alisaidiwa na Asha, binti wa nyumba ya pili, na kila baada ya maneno mawili nilimsikia akiuliza, "Asha, inazunguka?" Na msichana akijibu, "Inazunguka, mama, sema." Nikachoka. Upande wa pili nikasema nitausikiliza kesho.

Kesho yake ndiyo hiyo Ijumaa. Mwenzangu wa chumbani kaazima santuri mpya za dansi, na lazima azirudishe alasiri. Maduka yamefungwa, mkanda mtupu hatuna. Nikaitazama kaseti ya mama. Nikajiambia, aa, upande wa pili ni salamu zile zile. Nikaingiza muziki juu yake, tukacheza mpaka jasho likatutoka, na kwa miezi miwili sikumjibu mama hata neno.

Siku moja akaingia dukani mzee wa mtaani kwetu, katoka Unguja, akanikumbatia. "Hongera, bwana harusi!"

Nikacheka nikidhani mzaha. "Harusi ya nani, mzee?"

"Yako na Asha. Si mamako alikuuliza kwenye kaseti? Kasema kama hutaki umjibu upesi, na ukinyamaza atajua umeridhika. Umenyamaza. Posa imepelekwa, halwa imeliwa."

Loo! Desturi yetu mwari ndiye huulizwa akanyamaza, kimya chake kikawa ridhaa. Safari hii aliyenyamaza nilikuwa mimi, dume zima na nywele zangu.

Nikaenda mbio kwa Bi Zuwena, mama wa Kiunguja aliyetupikia sisi makapera wa Deira na kutukemea kama wanawe. Nikamwambia mimi sikuulizwa, posa naivunja. Akaweka chini ungo wake wa mchele.

"Hukuulizwa? Uliulizwa weye, ukacheza ngoma juu ya sauti ya mamako! Na huyo mtoto wa watu, ukimwacha leo, uso wake atauweka wapi? Chukua kaseti hiyo hiyo, useme kweli, kisha waamue wao. Yalla, inuka!"

Nikainuka. Lakini kwanza nikausikiliza tena upande wa kwanza, wote, bila kuinua kichwa. Nusu saa, na yule msichana hakuchoka na mama yangu hata mara moja. Inazunguka, mama, sema. Nikaona aibu, na kingine pia nikakiona, ambacho kwa umri wako unakijua. Nikageuza mkanda, nikasema juu ya ule muziki: "Mama, upande huu sikuusikiliza, niliufuta kwa upumbavu wangu. Muulizeni Asha. Kama bado ananitaka, mimi namtaka kwa moyo wangu. Kama hanitaki, watu waambiwe mimi ndiye niliyekosa."

Wiki sita roho juu. Nywele nikanyoa. Jibu likaja, mama anacheka: "Asha anasema ndiyo. Lakini mwanangu, ule upande ulioufuta, mwisho wake mimi nilikwenda kutazama chungu, nikamwacha na redio. Akakusemesha maneno yake mwenyewe. Anasema hayo hayarudii."

Ndiye huyu Bi Asha anayekutilia chai hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Rashidiya. Nimeishi naye kwa raha, alhamdulillahi. Miaka arobaini namuuliza alisema nini. Nimembembeleza, nimenuna, nimemnunulia dhahabu. Hunijibu neno moja tu: "Ungesikiliza." Halafu hucheka, na mimi hucheka naye, lakini ndani naumia. Mke nilimpata, maneno ya yule msichana sikuyapata.

Sasa wewe, uliyemwacha mama mbali kama mimi. Jana kwenye metro nilikuona umefungua kwenye simu sauti ya mamako kutoka Malindi. Ikafika salamu ya pili, ukaikata, ukaifuta, upate nafasi ya video zako za dansi. Sikusema kitu mbele za watu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, mwanangu. Wazee wetu hawaingii nyumba bila hodi, na zile salamu ndefu ndizo hodi yenyewe. Jambo lao linakuja nyuma yake. Sikiliza mpaka sauti ikome yenyewe. Kisha jibu kwa kinywa chako, maana kimya chako kuna mtu anakisoma. Na hicho ulichokwisha kukifuta, mpigie sasa hivi umwambie, "Mama, sikusikiliza, niambie tena." Yeye atarudia. Si wote wanaorudia.

Mungu akupe riziki pana na masikio yenye subira. Hiyo suruali yako ya kubana akujaalie uishi mpaka uicheke. Na kwenye upande wa pili akuwekee mtu wa kukusemesha, na akukute unasikiliza.