Walivyong'oa Shafti Wakaninyamazia

Mguu wangu wa kulia umebaki mfupi kuliko wa kushoto, na aliyeufupisha namjua. Ni bosi, mwenye gari ya mashindano niliyokuwa naiendesha, akisaidiwa na fundi wake wa Buhongwa.

Shule niliishia darasa la saba, ila gari naijua kwa makalio. Inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukikanyaga mafuta katikati ya kona mkia unakimbilia nje. Inayovutwa na ya mbele, ukikanyaga vilevile pua inakataa kugeuka. Inayotumia yote manne unaikanyagia mapema, nayo inakutoa konani. Ya bosi ilikuwa ya manne. Hivyo ndivyo nilivyoizoea.

Kumbe walikuwa wameng'oa shafti inayopeleka nguvu nyuma, eti isile mafuta bosi anapokwenda nayo Geita. Wengi hapa kwetu wanafanya hivyo. Sawa, ng'oa. Lakini niambie mimi ninayekwenda kushindana nayo.

Asubuhi ya mashindano, ng'ambo ya ziwa, Kamanga, niliuliza. "Bosi, mbona magurudumu ya mbele yanachimba hivi?"

"Vumbi hilo, kaka. Au umeanza kuzeeka?"

Fundi akacheka, na ukweli anaujua.

Tulipoanza kushindana, kwenye kona kali nikaikanyagia mapema. Pua ikakataa. Nikatoka njiani, tuta likanipindua. Waliponivuta nje, mguu umevunjika, gari ilikuwa tumbo juu, na pale shafti inapopita palikuwa patupu. Bosi aliwahi kupafunika kwa turubai kabla hajaniuliza kama napumua.

Kwenye kivuko cha kurudi mjini nimelazwa sakafuni, namsikia anawasimulia abiria, "Huyu alikuwa amekunywa."

Mama mmoja muuza dagaa akainama, akaninusa mdomo. "Mbona hanuki, baba? Ungesema umekunywa wewe ningekubali."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mama, hebu muulize huyo fundi shafti ya gari iko wapi."

Akamuuliza. Fundi, badala ya kunyamaza, akamtoa bosi wake wasiwasi. "Iko stoo. Nimeipaka grisi, haishiki kutu."

Mwenyekiti wa kamati ya mashindano alikuwa amesimama palepale, akasikia kila neno. Ni shemeji yake bosi. Kamati ilipokaa, akanifungia mimi nisishindane tena, kwa uzembe.

Gari hawakuifungia. Waliinyoosha bodi, inashindana mpaka leo, na huyo waliyempa usukani sijui kama amewahi kuchungulia uvunguni.