Kaimati Ghorofa ya Tatu

Juzi nilialikwa futari kwa bibi mmoja wa Mji wa Kale, ghorofa ya tatu. Binti wa jirani, wa darasa la nne, alitumwa kumletea sahani ya kaimati kabla ya adhana. Tulimsikia ngazini akipanda, akituama, akihema, akipanda tena. Adhana ikamtangulia. Alifika machozi yakimlenga.

"Mamako alizipanda ngazi hizi mbio, sahani kichwani," bibi alimtania.

"Mama hakupelekwa shule kwa tuktuk, bibi."

Bibi alinitazama, nami nikatazama chini. Sisi wakubwa ndio tunaowapakia, kisha tunawauliza pumzi zimekwenda wapi.

Bibi akaonja kaimati, iliyokwisha kupoa.

"Ya moto!" alisema, akimpangusa jasho. "Kesho niletee tena, mwanangu. Nitafungua kwa tende, nikungoje."